Kaspasi-3 imewaka, lakini seli haijafa

Wiki hii nimeletewa tena rasimu yenye picha ya seli za misuli ya panya zilizopakwa rangi ya kaspasi-3 iliyoamka, kimeng'enya kinachojulikana zaidi kwa kuua seli. Chini yake mwanafunzi ameandika: "Seli zinakufa." Zinakufa vipi? Pembeni mwa picha hiyohiyo seli zimejipanga, zimeungana, zimekuwa nyuzi ndefu zenye viini vingi. Seli inayokufa haiungani na jirani yake.

Hizi ni C2C12, seli changa za misuli ya panya zinazokuzwa maabara. Ukizipunguzia seramu (majimaji ya damu yanayozilisha), zinaacha kugawanyika na kuanza kuwa misuli. Tangu 2002 tunajua kwamba seli changa za misuli ya panya zisizo na kaspasi-3 zinashindwa kukomaa vizuri.

Jina ndilo linalotuponza. Kaspasi-1 ilielezwa mwaka 1992 kama kimeng'enya kinachokamilisha interlukini-1 beta, yaani kazi ya inflamesheni. Mwaka uliofuata ikaonekana kuwa ced-3, jeni ya kifo ya mnyoo C. elegans, inafanana nayo, na tangu hapo ukoo mzima tukauhesabu kuwa wa wauaji. Kaspasi hukata protini baada ya aspateti (mojawapo ya asidi amino zinazounda protini), basi. Kitakachofuata kinategemea imekata nini, kiasi gani, na wapi.

Tazama seli changa ya damu nyekundu ya binadamu. Inapokomaa, kaspasi-3 huamka, na wakati huohuo Hsp70, protini mlinzi, huwa ndani ya kiini ikiilinda GATA-1, protini inayowasha jeni za damu nyekundu, isikatwe. Seli inaendelea kukomaa. Ondoa eritropoyetini, homoni inayochochea utengenezaji wa damu nyekundu: Hsp70 inatoka kiinini, GATA-1 inakatwa, seli inakufa. Kimeng'enya ni kilekile! Rangi kwenye slaidi peke yake haikuambii uko upande gani.

Ila na sisi tunaoshabikia kazi hizi za kaspasi zisizo za kuua tusitie chumvi. Ushahidi mwingi wa zamani ulitegemea zVAD, dawa ya kuzuia kaspasi, na dawa hiyo hugusa hata kathepsini, vimeng'enya vingine vinavyokata protini. Nimewahi kufundisha darasani kwamba kaspasi ndizo zinazofuta viini kwenye lenzi ya jicho. Kumbe panya waliofutiwa jeni ya kaspasi-3, -6 au -7 wanaendelea kuvifuta. Niliwarudia wanafunzi wale nikalisahihisha.

Rasimu nimeirudisha. Nimemwomba apige picha sahani ileile kila saa kwa siku tatu, aweke rangi ya seli zenye utando uliotoboka, yaani zilizokufa, kisha ahesabu nyuzi.