Tiki Moja Si Kublokiwa: Dhana Potofu Kuhusu Meseji Tunazotumiana

Mtu anatuma "umeamkaje" saa moja asubuhi. Mchana tiki moja, alasiri tiki moja, na kabla ya Magharibi ameshatoa hukumu: nimeblokiwa. Kumbe mwenzake kaishiwa bando. Alama za kwenye simu kila mmoja huzisoma kwa roho yake, na mengi tunayoambiana kuzihusu ni ya kusikia mtaani. Tumechukua zile dhana zinazoleta ugomvi, hasara ya salio au wizi.

"Tiki moja, basi kanibloku"

Tiki moja inasema jambo moja tu: ujumbe umetoka kwenye simu yako na seva za WhatsApp zimeupokea. Haujashuka bado kwa mwenyewe. Huenda kazima data, bando limekata, simu imekufa chaji, kaiondoa programu, au kabadilisha simu na hajaifungua WhatsApp upya. Ujumbe unamsubiri hadi siku 30, na asipoingia hewani ndani ya muda huo unafutwa kwenye seva.

Ni kweli kwamba ukiblokiwa nako unabaki na tiki moja, na huambatana na dalili nyingine: picha yake huioni, muda wake wa mwisho kuonekana huuoni, simu ya WhatsApp haiingii. Ila picha na muda mtu anaweza kuvificha kwenye mipangilio ya faragha bila kumbloku yeyote. WhatsApp wenyewe wameliacha jambo hili liwe na utata kwa makusudi, ili aliyebloku asije akasumbuliwa. Kwa hiyo hakuna ushahidi utakaoupata kwa kukodolea macho skrini. Piga simu ya kawaida.

Na kitu ambacho wanaobloku husahau: kwenye kundi mlilomo wote wawili, meseji zenu mnaendelea kuonana kama kawaida.

"Tiki mbili za kijivu, simu anayo mkononi"

Tiki mbili maana yake ujumbe umefika kwenye simu yake *au* kwenye kifaa chochote alichokiunganisha. WhatsApp inaruhusu hadi vifaa vinne pamoja na simu. Kompyuta ya ofisini iliyoachwa wazi inaweza kukupa tiki mbili wakati mwenye simu yuko kwenye daladala na simu imezima.

Bluu nayo ina mitego yake. Mtu anaweza kusoma ujumbe wote kwenye arifa ya juu ya skrini na tiki zisigeuke. Anaweza pia kuzima taarifa za kusomwa, ila akizima naye haoni za wenzake. Wengi hawajui kwamba swichi hiyo haifanyi kazi kwenye makundi, wala kwenye meseji za sauti: ukiisikiliza sauti ya mtu, kipaza sauti kidogo kilicho kando yake hugeuka bluu kwa aliyetuma, upende usipende. Kwenye kundi, tiki hazigeuki bluu mpaka wanakundi wote wasome. Kundi la ukoo lenye watu 80 linaweza kukaa na kijivu wiki nzima kwa sababu ya shangazi mmoja aliyepoteza laini.

"Nimefuta kwa wote, hajaona"

Kufuta kwa wote kunawezekana ndani ya siku mbili hivi tangu kutuma. Zamani, kitufe hicho kilipoanza mwaka 2017, zilikuwa dakika saba tu. Lakini kinachofutwa ni kile kilichomo ndani ya mazungumzo. Arifa inaweza kuwa imeshasomwa. Simu za Android kuanzia toleo la 11 zina historia ya arifa. Aliyeiwasha anaweza kufungua mipangilio na kukuta maandishi uliyoyafuta, kwa saa 24. Picha inaweza kuwa imeshajihifadhi kwenye matunzio ya simu. Na pale pale panabaki maneno kwamba ujumbe umefutwa, ambayo kwa mtu mwenye wivu ni mabaya kuliko ujumbe wenyewe.

Kama ulikosea herufi tu, usifute. Bonyeza ujumbe kwa muda, chagua kuhariri. Una dakika 15. Na ukiwa na haraka ukajifutia wewe peke yako badala ya kufuta kwa wote, kitufe cha kutengua hutokea chini ya skrini kwa sekunde chache. Kibonyeze upesi, ukipitwa basi.

"SMS ni herufi 160, sijazidisha, mbona nimekatwa tatu?"

Hapa ndipo Waswahili tunaliwa salio bila kujua, na mchawi ni alama ya king'ong'o, yaani kipostrofi.

SMS moja hubeba baiti 140. Kwa alfabeti ya kawaida ya GSM, mfumo wa simu za mkononi, kila herufi inachukua biti saba, ndiyo maana zinaingia 160. Alfabeti hiyo ina kipostrofi kilichonyooka, kama kwenye ng'ombe. Haina kile kilichopinda, ’, ambacho simu nyingi na programu za kuandikia huweka zenyewe. Kikiingia kimoja tu, ujumbe wote unahamia kwenye mfumo mwingine ambamo kila herufi hula biti 16, na nafasi inashuka kutoka 160 hadi 70. Emoji hufanya vilevile, na nyingi huhesabiwa kama herufi mbili. Maandishi ya Kiarabu nayo huingia 70.

Ukizidisha kikomo, ujumbe hukatwa vipande, na kila kipande hutoa nafasi kidogo kwa ajili ya namba za kuviunga: 153 badala ya 160, au 67 badala ya 70. Sasa piga hesabu. Umeandika tangazo la harusi lenye herufi 150. Likiwa na "ng'ambo" ya kipostrofi kilichonyooka, ni SMS moja. Likiwa na kilichopinda, 150 kwa 67 ni vipande vitatu. Mwenye kamati ya watu 200 analipa SMS 600 kwa ajili ya kialama kimoja.

Dawa: kwenye iPhone, ingia mipangilio ya kibodi uzime alama za uandishi za kujirekebisha. Kwenye programu ya Messages ya Google, tafuta sehemu ya kutuma herufi maalumu kama herufi za kawaida, uiwashe. Ukinakili tangazo kutoka Word, futa kila kipostrofi ukiandike upya kwa kibodi ya simu. Mabano ya mraba, mabano ya mawimbi na alama ya euro hayahamishi mfumo, ila kila moja huhesabiwa mara mbili.

"Xaxa na m2 ni uvivu tu wa vijana"

Wanaosema hivi hawakuandika kwa simu ya vitufe, au wamesahau. Herufi S ilikaa kwenye kitufe cha 7, ya nne baada ya P, Q na R. X ilikuwa ya pili kwenye 9. Kuandika "sasa" ni kubonyeza mara 10. "Xaxa" ni mara 6. Namba 2 ilikuwa na hesabu nyingine kabisa: kuifikia ilibidi upite A, B na C au ushikilie kitufe, wakati "tu" ni mibonyezo mitatu. Kwa hiyo "m2" haikupunguza kazi ya kidole, ilipunguza herufi moja kati ya 160. X iliokoa dole gumba, 2 iliokoa nafasi. Leo kibodi ni ya kugusa na bando ni la kuhesabu megabaiti, sababu zote mbili zimekufa. Anayeandika "xaxa" sasa hivi anaandika kwa mapenzi yake, na hapo wazee wana haki ya kulalamika.

"WhatsApp imefumbwa, hakuna anayeweza kusoma"

Tangu Aprili 2016 meseji za WhatsApp hufumbwa mwisho hadi mwisho. Zikiwa njiani, hata kampuni yenyewe haizisomi. SMS ya kawaida haina ulinzi huo. Hupita kituo cha meseji cha mtandao wako, hukaa pale mpaka simu ya mlengwa ipatikane, na mtandao unaweza kuiona.

Lakini ulinzi wa njiani hauhusu miisho. Meseji husomwa na mtu aliyeishika simu yako, au aliyeshika ya mwenzako. Husomwa pia na yule aliyekuomba simu "dakika moja tu" akaunganisha kompyuta yake. Fungua sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, angalia orodha, kifaa usichokijua kitoe. Fanya leo.

Kisha kuna bekapu, nakala ya akiba ya mazungumzo yako. Inayopanda Google Drive au iCloud haifumbwi kwa namna hiyo mpaka uiwashe mwenyewe: mipangilio, mazungumzo, bekapu, halafu ufumbaji wa mwisho hadi mwisho. Utachagua nywila au ufunguo wa tarakimu 64. Ukipoteza ulichochagua, hakuna ofisi ya kukurudishia, bekapu imekwenda. Na mtu akikuripoti, meseji tano za mwisho ulizomtumia huenda kwa WhatsApp zikiwa zimefumbuliwa.

"Imetumwa na mjomba, basi ni kweli"

Mjomba naye kaipata kwingine. Mishale miwili juu ya ujumbe inamaanisha umeshapita mikono mitano au zaidi tangu kwa mwandishi wake, na tangu Aprili 2020 ujumbe wa aina hiyo hauwezi kupelekwa zaidi ya mazungumzo mamoja kwa mkupuo. Mishale isipokuwepo haimaanishi usalama: aliyenakili na kubandika kaiondoa.

Ile ya "kuanzia kesho WhatsApp italipiwa, tuma kwa watu 20 ili alama yako iwe bluu" inazunguka tangu enzi. Ina mzizi, ndiyo maana haifi. WhatsApp kweli iliwahi kutoza dola 0.99 kwa mwaka baada ya mwaka wa kwanza, ikaacha Januari 2016. Kutuma kwa watu 20 hakujawahi kubadilisha chochote.

Kwa Tanzania liko pia suala la sheria. Wengi huamini kufowadi si kosa kwa sababu "sikuandika mimi". Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, inagusa anayechapisha taarifa za uongo kwa nia ya kupotosha au kudanganya. Kundi la watu mia saba si sebule.

"Ile hela itume kwenye namba hii"

Watu hucheka kwamba hakuna anayeingia mtego huu. Wanaingia, kwa sababu meseji haimtafuti kila mtu. Inamtafuta yule mmoja kati ya maelfu ambaye dakika hiyo kweli alikuwa anadaiwa hela na mtu. Hakuhitaji kushawishiwa, alikuwa anasubiri namba. Kabla ya kutuma, piga kwa namba *unayoijua*, siyo iliyoandikwa. Tanzania, peleka ujumbe wa kitapeli kwenda 15040. Kenya, kwa laini za Safaricom, ni 333.

Muuza duka asiamini meseji ya "umepokea" bila kuangalia salio, kwani jina la mtumaji kwenye SMS linaweza kughushiwa. Na tarakimu sita zinazokuja kwa SMS ukiwa hujaomba, usimpe hata mchungaji wako: ndizo za kuihamisha WhatsApp yako kwenye simu nyingine. Washa uthibitisho wa hatua mbili, uweke PIN yako mwenyewe.

"Nikiweka status, ataiona tu"

Ataiona iwapo wote wawili mmehifadhiana namba. Umemfuta kwa hasira kisha unamrushia kijembe kwenye status? Hakimfikii. Status hudumu saa 24, na mtu akiipiga skrinshoti hutaarifiwa.

Kijembe chenyewe si cha jana. Kanga zilishafanya kazi hii miaka mingi kabla ya simu za mkononi. Kaderdina Hajee Essak alianza kuziuza Mombasa mwaka 1887, na maandishi ya awali yalikuwa kwa herufi za Kiarabu. Dhana ya wageni kwamba maneno yale ni urembo wa kitambaa humchekesha mama yeyote wa pwani. Kanga ina pindo, ina mji wa katikati, na ina jina, yaani maneno yenyewe, na dukani watu husoma jina kwanza, rangi baadaye. Huuzwa doti, vipande viwili vyenye jina lilelile. Hukatwa katikati na kupindwa. Kimoja chaweza kuvaliwa, cha pili kikapelekwa zawadi kwa mkwe.

Mwenye "Nilikudhani dhahabu kumbe adhabu" akipita mlangoni kwa jirani, ujumbe umefika na umesomwa, bila tiki. Akiulizwa, analo jibu ambalo hakuna status inayoweza kulitoa: mie nimeipenda rangi tu, shoga.