Kishingo si mgonjwa: yanayosemwa juu ya mbegu za kuku, na ukweli wake

Nafundisha jenetikia ya mifugo, yaani elimu ya urithi wao, na nyumbani Kisauni nafuga kuku. Maswali hunikuta darasani na bandani, mengi yakitokana na mambo ambayo mtu ameambiwa tangu utotoni.

Dhana: Broila hudungwa sindano za kukuza.

Hili nalisikia zaidi harusini, pilau ikishapakuliwa. Kifaranga gani afikishe kilo mbili kwa wiki tano au sita bila dawa?

Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, kilihifadhi mbegu za kuku wa nyama wa 1957 na wa 1978 bila kuziboresha, kisha kikawalea vifaranga wake pamoja na kuku wa 2005. Wote walipewa chakula cha aina moja. Siku ya 56, kuku wa 1957 alikuwa na wastani wa gramu 905, wa 1978 gramu 1,808, na wa 2005 gramu 4,202. Hapakuwa na sindano. Tofauti ilitoka kwa wazazi waliochaguliwa kizazi baada ya kizazi. Tena homoni ya ukuaji ni protini: ukiichanganya na chakula, tumbo litaimeng'enya kama linavyomeng'enya maharagwe.

Wafugaji wanaotumia viuavijasumu ovyo wapo, na hilo linaniudhi sana. Lakini ni kosa la mfugaji, na halihusiani na mbegu ya kuku.

Dhana: Kishingo, kuku asiye na manyoya shingoni, ni mgonjwa, au ni kuku wa waganga tu.

Hapa nina uchungu kidogo, maana Mombasa ndipo mahali pake hasa. Kuku hatoki jasho. Wakati wa kaskazi, saa nane mchana, utamwona broila amefungua mdomo anahema, mabawa ameyaachia mbali na mwili. Kishingo hutoa joto kupitia ngozi ya shingo iliyo wazi, naye huendelea kula.

Shingo hiyo ni kazi ya jeni moja tu, yaani kiini cha urithi ambacho kifaranga hupata nakala moja kwa baba na moja kwa mama. Kuku mwenye nakala moja ya jeni hiyo hubaki na kishada cha manyoya mbele ya shingo. Mwenye nakala mbili ana shingo tupu kabisa, na manyoya ya mwili mzima hupungua kwa karibu asilimia 40. Manyoya ni protini, kwa hiyo kile ambacho hakikutumika kuyaotesha kinaweza kwenda kwenye nyama. Ukimpandisha jogoo mwenye nakala moja kwa tetea wa kawaida, tarajia karibu nusu ya vifaranga wawe vishingo. Mwangalie kifaranga siku ya kwanza tu: shingo itakwambia.

Dhana: Yai lenye ncha hutoa jogoo, la mviringo hutoa tetea.

Nimemwona mama mmoja Kongowea akiyageuza mayai moja moja vidoleni, anatafuta mitetea. Umbo la yai hutokana na mirija ya kuku aliyelitaga. Jinsia huamuliwa na kromosomu, na kwa ndege mwenye kuamua ni mama: jogoo ana kromosomu ZZ, tetea ana ZW, kwa hiyo tetea ndiye anayempa kifaranga Z au W. Joto la mashine ya kuangulia pia haligeuzi jinsia. Hayo ni ya kasa wa pwani yetu, ambao mchanga wenye joto zaidi huwafanya wawe majike.

Dhana: Jenetikia ya kuku ni maabara na kubadilisha jeni.

Maabara ipo, na ramani ya jeni zote za kuku ilitolewa 2004. Lakini mwanafunzi wangu huanza na kiota cha mtego. Tetea akiingia kutaga, kijimlango hushuka nyuma yake. Mwanafunzi anamtoa, anasoma namba iliyo kwenye bawa, anaiandika kwa penseli juu ya yai. Bila hivyo hatujui yai ni la nani, wala tumchague nani. Chuo Kikuu cha Egerton kule Njoro kimefanya kazi ya namna hii kwa kuku wa kienyeji wenyewe. Uzito huboreshwa haraka kuliko wingi wa mayai, kwa sababu hurithiwa kwa nguvu zaidi.

Dhana: Jogoo mzuri akae bandani miaka yote.

Mwaka wa pili atakuwa anapanda binti zake. Kwa kila jeni, kifaranga atakayezaliwa ana uwezekano wa asilimia 25 wa kupata nakala mbili zilizotokana na nakala moja ya jogoo huyo. Ikiwa nakala hiyo ni mbovu, utaona mayai yasiyoangua na vifaranga dhaifu, nawe utalaumu mdudu au chakula.

Jogoo wangu wa sasa nilibadilishana na jirani kwa kuchi mmoja mrefu, mkali kupita kiasi. Ni kishingo mwenye kishada, na wiki hii vifaranga wake wa kwanza wameangua kumi na mmoja. Sita ni vishingo.