Maana ya wajibu wa muuzaji kwa usalama wa mshonaji wa ng'ambo

Ukigeuza ukosi wa shati katika soko la Owino jijini Kampala, mara nyingi utakuta lebo mbili: moja ina jina la duka la Ulaya au Marekani, nyingine inataja nchi liliposhonwa, labda Bangladesh. Dhana tunayoieleza hapa inahusu uhusiano kati ya lebo hizo mbili. Inasema kwamba kampuni inayouza nguo madukani ina wajibu kwa usalama wa watu waliozishona, hata kama kiwanda si mali yake na kiko katika nchi nyingine.

Kwa kawaida, sheria za kazi humtazama mwajiri. Hapa Uganda, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri ahakikishe kwamba mahali pa kazi ni salama. Muuzaji wa ng'ambo si mwajiri. Yeye hutoa oda tu, na oda hiyo inaweza kupitia kwa wakala, kisha ikapelekwa kimyakimya katika kiwanda kingine ambacho hakikutajwa kwenye mkataba. Hata hivyo, ndiye anayeamua bei ya kila shati na siku ambayo mzigo lazima upakiwe melini, na ndiye anayeweza kuhamishia oda nchi nyingine akiona gharama imepanda. Mwenye kiwanda akibanwa kwa bei na kwa muda, kinachopunguzwa kwanza ni kile ambacho mnunuzi hakioni, yaani ngazi za dharura, nyaya za umeme zilizo salama na uimara wa jengo lenyewe. Kwa sababu hiyo, naona ni haki wajibu ufuate mamlaka hayo, na usiishie kwa yule ambaye jina lake liko kwenye hati ya kiwanda.

Tarehe 24 Aprili 2013, jengo la Rana Plaza huko Savar, karibu na Dhaka, liliporomoka na kuua zaidi ya watu 1,100. Nyufa zilikuwa zimeonekana siku iliyotangulia, na benki na maduka ya orofa za chini yakafungwa, lakini washonaji waliamriwa kurudi kwenye cherehani zao. Katika vifusi zilipatikana lebo za kampuni za nje, na baadhi ya kampuni hizo zilikana mwanzoni kwamba nguo zao zilishonwa humo.

Ukaguzi wa hiari ulikuwepo tangu zamani, nao haukutosha. Mnamo Septemba 2012, kiwanda cha Ali Enterprises mjini Karachi, Pakistan, kiliungua na kuua zaidi ya watu 250, wengi wao wakiwa wamenaswa nyuma ya madirisha yenye nondo. Wiki chache kabla, kiwanda hicho kilikuwa kimepewa cheti cha viwango vya kazi. Inauma kufikiri kwamba karatasi hiyo ilimlinda mnunuzi kuliko ilivyomlinda mshonaji.

Tofauti ililetwa na mapatano ya Mei 2013 kuhusu usalama wa moto na majengo nchini Bangladesh, ambayo yalisainiwa na vyama vya wafanyakazi na hatimaye kampuni zaidi ya 200. Mapatano hayo yalikuwa na nguvu za kisheria. Wakaguzi walikuwa huru, matokeo yalitangazwa hadharani, mfanyakazi alikuwa na haki ya kukataa kuingia katika jengo la hatari, na kampuni zilitakiwa kuhakikisha kwamba fedha za matengenezo zinapatikana. Iliyokiuka ingeweza kupelekwa mbele ya wasuluhishi. Baadaye Ufaransa mwaka 2017, na Ujerumani kuanzia 2023, ziliyabana makampuni makubwa kwa sheria zao wenyewe.

Kwetu, jambo hili si la mbali. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, mpango wa AGOA, ulioruhusu bidhaa nyingi za Afrika kuingia Marekani bila ushuru, ulileta Kampala kiwanda kilichoshona nguo za kupelekwa Marekani, na leo bado tunatafuta wawekezaji wa kushona pamba yetu badala ya kuiuza ghafi. Mkaguzi wa kazi wa Uganda anaweza kuingia kiwandani na kudai milango ifunguliwe, lakini mkataba unaopanga bei na tarehe, uliosainiwa katika ofisi ya mnunuzi ng'ambo, hauko mikononi mwake.