Kitabu Kikiingia Kabatini Kinabaki na Kurasa Mbili

Mimi ndiye ninayesimamia maonyesho ya vitabu katika maktaba ya chuo, na juma hili nimeambiwa tena. Mhadhiri ninayemheshimu sana ameniletea wanafunzi kumi na wawili, zikiwa zimebaki wiki tatu muhula ufungwe, akasema: "Insha wameshaandika. Sasa wapange tu vitabu vyao kwenye makabati yako ya vioo." Kila muhula kuna wa kuniletea hiyo "tu", na safari hii nimeona niijibu kwa maandishi.

Wanaosema hivyo wanaamini kwamba maonyesho ni insha iliyoongezewa vitu vya kutazama: utafiti umefanyika kwenye insha, na maktaba inatoa samani na taa. Si kweli. Mwanafunzi anaigundua tofauti siku ya kwanza anayoleta kitabu alichokichagua.

Kitabu kina kurasa 400. Kikiingia kabatini kinabaki na kurasa mbili. Mwanafunzi amekichagua kwa sababu ya hoja iliyomo sura ya saba. Ukikifungua sura ya saba unakuta maandishi madogo, meusi, yamejaa ukurasa mzima, na mtazamaji amesimama nyuma ya kioo, mkoba begani, akielekea kusoma mtihani. Hatasoma hata mstari mmoja. Kwa insha yako kitabu kile ni nguzo. Kwa kabati langu hakina kazi. Swali la "kitabu gani ni muhimu?" lazima lipishe swali jingine: kitabu hiki, kikifunguliwa wapi, kinaonyesha jambo unalodai?

Hapo ndipo mwanafunzi anaanza kukitazama kitabu kama kitu. Anaona mihuri ya tarehe za kurudisha, anaona maandishi ya penseli pambizoni, anaona jina la mwenyewe wa zamani lililofutwa kwa wino. Mwanafunzi mmoja alileta kitabu ambacho insha yake ilikitaja kuwa kilisomwa sana enzi zake. Tulipokitazama pamoja, mikunjo ya juu ya kurasa ilikuwa haijakatwa. Zamani vitabu vingi viliuzwa hivyo: karatasi inakunjwa, inashonwa, na msomaji anajipasulia mwenyewe kwa kisu. Katika nakala ile, kisu kiliishia mwisho wa utangulizi. Alinyamaza kwa muda mrefu. Hoja yake haikuvunjika, maana nakala moja haisemi habari za nakala zote, lakini ilibidi afikirie upya neno "kilisomwa" lina maana gani, nani alisoma, na angejuaje. Huo ni utafiti, na haukutoka kwenye insha.

Halafu inakuja lebo, yaani maelezo mafupi yanayowekwa kando ya kitu. Nawapa maneno 50 hadi 75. Rasimu ya kwanza huwa na 300 na huanza na mwaka wa kuzaliwa wa mwandishi. Ya mwanafunzi yule ilianza: "Akiwa miongoni mwa wanafikra mashuhuri wa kipindi chake..." Nilimwambia asimame mbele ya kabati aisome kwa sauti huku akitazama kitabu. Hakuna neno hata moja lililogusa kitu kilichokuwa mbele ya macho yake. Baada ya rasimu tano ilianza hivi: "Tazama ukingo wa juu: kurasa bado zimeshikana." Mtu akisoma hivyo anainamisha kichwa atazame, na akishatazama utamwambia unachotaka. Wahadhiri huziita lebo hizi "muhtasari". Hapana! Muhtasari unafupisha kilichokwisha kuandikwa. Lebo inaanzia kwenye jicho la mtu aliyesimama.

Mengine nayapitia haraka. Gundi na utepe wa kunata visikaribie kitu cha makusanyo maalumu (vitabu na nyaraka adimu ambazo maktaba huzihifadhi kando), hata kidogo. Mikono safi na mikavu inatosha kwa karatasi. Glavu ni za picha. Kitabu hakilazimishwi kufunguka kuliko mgongo wake unavyotaka. Kinatengenezewa kilalio, yaani kitegemeo cha kukilaza kikiwa wazi, na kurasa zinashikwa kwa kanda laini za plastiki ya poliesta zisizobana.

Mwanga unataka maneno zaidi. Kwa karatasi na wino tunashika luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia kitu). Saa 8 kwa siku, siku 90, tayari ni luksi-saa 36,000 (luksi mara saa), na madhara yake hujumlishwa: kukipumzisha kitabu gizani hakurudishi rangi iliyokwisha kupauka. Ndiyo maana nageuza kurasa au kubadilisha vitu katikati ya maonyesho. Ila tusidanganyane kwamba 50 ni kiwango cha usalama. Ni mapatano kati ya karatasi na jicho, na jicho lililokubaliwa ni la kijana. Nimewaona wazee wakiinama hadi kipaji cha uso kinagusa kioo, kisha wanaondoka. Zamani nilishikilia nakala halisi tu. Siku hizi nasita: pengine nakala iliyopigwa picha vizuri, chini ya taa ya kutosha, inamtendea haki mzee yule kuliko kitu halisi kilichoko kwenye nusu giza.

Kuna shaka nyingine inayonisumbua zaidi. Tunabandika mlangoni kwamba maonyesho yameandaliwa na wanafunzi, lakini kabla hawajaingia mimi nimeshatoa masanduku ishirini kati ya mamia. Wanachagua ndani ya chaguo langu. Na kabla yangu kuna waliopokea nyaraka za wakuu wa chuo bila kuwauliza wapishi na wafagizi kama nao wana karatasi zao. Kundi moja liliacha kilalio kitupu kabatini, na lebo ikaeleza walichokitafuta wakakikosa. Nilipinga, nikisema watu watadhani kitu kimeibwa. Wakasimama imara, nikakubali, na bado sijui kama sababu yangu ya kupinga ilikuwa ya kitaalamu au nilihisi nashtakiwa.

Mhadhiri wangu nimemjibu kwamba wiki tatu zinatosha kabati moja na vitu sita, wanafunzi wawili wawili kwa kila kitu. Insha wabaki nazo. Jumatatu nitawawekea mezani kitabu kimoja, kimefungwa, waniambie tukifungue ukurasa upi.