Trela Mbovu Haijitangazi Kwenye Usukani: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana iliyo mama wa nyingine zote ni kwamba trela ikiwa na kasoro, dereva ataihisi akiwa kwenye usukani. Ukweli ni kwamba karibu vipimo vyote vilivyo mbele yake vinaeleza habari za kichwa, yaani gari la mbele linalovuta trela: sindano za upepo husoma matangi ya kichwa, na joto linaloonyeshwa ni la injini. Tairi la ekseli ya mwisho linaweza kupasuka, au breki ikang'ang'ania hadi ikafuka moshi, na dereva akaendelea na safari bila habari mpaka mwenzake wa nyuma amwashie taa.

Dhana hiyo huumiza zaidi kwenye breki. Aliyejifunzia gari dogo lenye breki za mafuta hutarajia kanyagio lizame chini breki zinapochoka, lakini kanyagio la breki za upepo hufungua vali tu, hivyo mguu hausikii tofauti kubwa hata kama nusu ya breki za trela zimelegea. Wengi hujitetea kwamba walizijaribu yadi na trela ikasimama. Ilisimama kwa sababu dramu, yaani ngoma za chuma zinazozunguka pamoja na magurudumu, zilikuwa za baridi na mwendo ulikuwa wa kutambaa. Kwenye mteremko mrefu dramu hupata moto, hutanuka na kuzikimbia lainingi (vipande vinavyozibana dramu kutoka ndani), kwa hiyo rodi ya busta, ile chemba ya upepo inayosukuma breki, hulazimika kwenda mbali zaidi, na ile iliyokuwa imekaribia mwisho wake tangu yadi hufika mwisho kabla ya kubana sawasawa. Kipimo chenye maana hufanyikia chini ya trela: weka kabari kwenye magurudumu, zima injini, achia breki ya maegesho, kisha uchore mstari wa chaki kwenye rodi pale inapotokea kwenye busta. Mwenzako akanyage breki upepo ukiwa kati ya psi 90 na 100 (psi ni kipimo cha mgandamizo wa upepo), nawe upime mstari umesogea kiasi gani. Kwa busta ya kawaida ya aina ya 30 (namba hiyo ni ya ukubwa wake), ambayo rodi yake haikuundwa kwenda mwendo mrefu, ukizidi milimita 51 hiyo ni kasoro.

Hapo ndipo utakapojibiwa kwamba breki za siku hizi hujirekebisha zenyewe. Ni kweli zimetengenezwa hivyo, na kwa sababu hiyohiyo rodi iliyopitiliza ni habari mbaya zaidi, kwani inaonyesha kwamba kirekebishaji, kifaa kinachoikaza breki yenyewe kadiri lainingi zinavyolika, kimekufa au kuna bushi na pini zilizolika. Fundi anayekikaza kwa spana na kukuambia uondoke amefuta dalili akauacha ugonjwa palepale, na baada ya muda mfupi kipimo kitarudi kilekile.

Wapo pia wanaotulia kwa imani kwamba upepo ukiisha, springi za breki ya maegesho zilizo ndani ya busta zitaibana trela, hivyo haiwezi kukosa breki. Hii ni nusu ya kweli, na nusu ya kweli ndiyo ngumu kuing'oa. Springi husukuma rodi ileile, kwa hiyo ikiwa breki imelegea, hata springi hubana kwa nguvu pungufu, na springi yenyewe huweza kukatika kwa kutu ndani ya busta bila mtu kuiona. Isitoshe, asiye na ujuzi asithubutu kuifungua busta hiyo kuchungulia, maana springi iliyobanwa ndani ikifyatuka inaweza kuua.

Kwa upande wa matairi, nyundo ya mkononi haipimi upepo. Inaweza kufichua tairi lililoishiwa upepo kabisa, lakini lililopungukiwa kwa asilimia 20, ambalo tayari linapaswa kuhesabiwa kama bapa, linaweza kutoa mlio wa kawaida, hasa likiwa la ndani kwenye magurudumu pacha na lile la nje likiubeba mzigo peke yake. Tumia geji. Ukiwa umeinama hapo, tazama nati: michirizi ya kutu inayotiririka kama machozi kutoka kwenye nati mara nyingi ni dalili kwamba imelegea.

Kuivuta trela kidogo baada ya kuunganisha nako hakutoshi, kwa kuwa pini, ile nguzo fupi ya chuma chini ya trela inayoingia kwenye kichwa, inaweza kukaa vibaya na bado ikastahimili mvuto huo. Shuka na tochi, uhakikishe kwamba taya zimeikumbatia shingo ya pini na kwamba hakuna mwanya kati ya sahani ya kichwa inayobeba trela na tumbo la trela.

Imebaki kauli ya "trela si yangu, nimekabidhiwa tu". Barabarani anayeulizwa kwanza ni aliyeshika usukani, na kwa sababu hiyo maandishi yake kabla ya kuondoka yana uzito kuliko malalamiko baada ya ajali. Ila maandishi yenyewe yawe na maana. Niliwahi kukabidhiwa daftari la trela ambamo madereva watatu waliotangulia waliandika "breki mbovu", kila mmoja kwa mwandiko wake, na hakuna aliyetaja gurudumu. Fundi akisoma hivyo hujaribu mojawapo na kusaini. Akisoma "ekseli ya mwisho, kushoto, rodi imetoka milimita 60", pakiwa na tarehe na picha ambayo dereva amebaki na nakala yake, anajua pa kuanzia, na msimamizi hana namna ya kusema hakuambiwa.