Bendi kongwe ikirudi jukwaani: vidole havisahau, ufunguo ndio unaosumbua

Mashabiki wakisikia bendi ya ujana wao inaungana tena, hata kwa usiku mmoja tu, huuliza kama wazee bado wanaweza. Mimi nikiwa nyuma ya miksa hilo halinitishi. Barthélemy Attisso, mpiga gitaa la solo wa Orchestra Baobab ya Dakar, alirudi kwao Lomé akafanya uwakili na kuliweka gitaa kando miaka mingi. Bendi ilipoungana tena mwaka 2001, solo yake ilirudi nayo. Maonyesho haya huharibika kwenye maandalizi, hasa kwenye ufunguo, yaani noti ya msingi ambayo wimbo hujengwa juu yake.

Mwimbaji wa miaka 70 hafiki juu alikofika akiwa na 30, kwa hiyo nyimbo hushushwa. Kosa la kawaida ni mpiga gitaa kushusha nusu toni na kuwasahau wapulizaji. Noti wanayoisoma wapulizaji si ile inayosikika. Chukua wimbo wa C: tarumbeta huupiga kwa D, saksafoni alto kwa A. Ukiushusha nusu toni hadi B, tarumbeta inaangukia C shapu yenye shapu saba (noti zote saba zimepandishwa nusu toni), na alto inakwenda A flati. Hapo mistari ya wapulizaji inaanza kukwaruza, na lawama anabeba mzee wa tarumbeta. Shusha toni nzima hadi B flati: tarumbeta C, alto G, hakuna anayehangaika.

Magitaa yasibadilishe mikao ya mkono. Solo iliyokaa kwenye vidole miaka 40 huwezi kuihamisha kwa mazoezi ya wiki mbili. Legeza nyuzi zote sita kwa toni moja. Kama ni seti ya namba 10 (namba ya unene wa uzi mwembamba kuliko wote) zitalegea mno na kugonga freti, kwa hiyo funga namba 11. Mvutano utakaribia ule wa zamani. Zifungwe siku mbili tatu kabla, maana nyuzi mpya hazitulii. Besi nayo ishuke vivyo hivyo, na kinanda kishushwe hatua mbili kwa kitufe chake. Kisha kubalianeni lugha. Mpiga solo atasema "C" kwa sababu mkono wake uko kwenye C, wakati kinachosikika ni B flati. Andikeni ufunguo unaosikika kwenye karatasi ya orodha ya nyimbo, ibandikwe sakafuni mbele ya kila mtu.

Vijana wanaoziba nafasi za marehemu, wao hujifunza kwenye YouTube, na huko kuna mtego mwingine. Tepu ya zamani ikichezwa kwa kasi iliyozidi kwa asilimia 3, wimbo mzima unapanda robo toni. Ikizidi kwa asilimia 6, nusu toni kamili. Usibishane na rekodi. Muulize mpiga gitaa la rizimu mkono wake ulikuwa unakaa wapi.

Umbali nao unaua dansi kimyakimya. Solo, second solo na rizimu husukwa kama ukili: kila gitaa linajaza nafasi iliyoachwa na jingine. Sauti hutumia karibu milisekunde 3 kwa kila mita hewani. Wapiga gitaa wakitawanywa mita 10 kwenye jukwaa kubwa, kila mmoja anamsikia mwenzake kwa kuchelewa milisekunde 30 hivi, na msuko unafumuka ingawa hakuna aliyekosea. Wakusanye wote ndani ya mita 3, ampu zikiinuliwa kuelekea masikioni, si magotini. Maiki ya ampu ikae sentimita 3 hadi 5 kutoka kwenye spika, kando kidogo ya kitovu. Katikati kabisa sauti inachoma.

Kwenye monita, spika ya jukwaani inayomrudishia mwanamuziki sauti, mzee ataomba "ongeza, ongeza" hadi maiki ipige mluzi. Masikio yenye umri hupoteza sauti za juu kwanza, na hizo ndizo zinazobeba konsonanti za maneno. Ondoa kwanza besi na tumba kwenye monita yake. Mara nyingi inatosha.

Halafu chemko, sehemu ya wimbo inayochangamka na watu huinuka kucheza. Santuri ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika ilibeba dakika nne au tano tu kwa upande, ndiyo maana nyimbo nyingi ziligawanywa sehemu mbili. Ukumbini chemko liliendeshwa kwa ishara: mruko fulani wa solo, au pigo la tumba. Msondo Ngoma, iliyoanza kama NUTA Jazz mwaka 1964, na Mlimani Park ya mwaka 1978 hazikusimama, kwa hiyo wanaoingia huokota ishara kutoka kwa waliowatangulia. Bendi iliyovunjika haina mnyororo huo, na huenda aliyekuwa akitoa ishara ni marehemu. Chagueni mtu mmoja na ishara moja ya kuingilia, nyingine ya kutokea. Mazoezini msirudie wimbo mzima. Rudieni baa nne kabla ya chemko na nane baada yake, mara kumi, hadi mpiga dramu aache kutazama watu.

Kwa fundi mwenzangu: ishara ikitoka, pandisha solo desibeli 3 na papo hapo shusha maiki za waimbaji. Ukiziacha wazi, zitavuta tumba na kuzimwaga kwenye spika kubwa, na solo itazama palepale watu walipoinuka kucheza.