Mchanga wa Nabugabo una wenyewe

Ukitoka Kampala kwenda Mutukula unapita Lwera, eneo la ardhioevu kando ya Ziwa Victoria, na wengi wanachokumbuka hapo ni malori ya mchanga. Mchanga huo una bei yake. Mimea iliyokuwa juu yake haina bei, kwa hiyo hung'olewa bila kuulizwa jina.

Uganda haina bahari, lakini ina nyanda za mchanga zilizoachwa na Ziwa Victoria lilipokuwa likipanda na kushuka. Mfano mzuri ni Nabugabo, karibu na Masaka: ziwa dogo lililotengwa na Victoria kwa tuta la mchanga miaka 4,000 hivi iliyopita. Wataalamu wa samaki wanalisifu kwa samaki wasiopatikana kwingine. Sisi wa mimea tuna wivu kidogo, maana mimea yake nayo ni ya pekee.

Mchanga haushiki rutuba. Mvua ikinyesha, madini huoshwa yakaenda zake. Maji yanabaki maskini na yenye uchachu. Mafunjo, yanayopenda maji yenye rutuba, hapa hayatawali. Vinamasi vimeshikwa na nyasi ndefu ngumu. Palipoinuka pana nyasi fupi za jamii ya Loudetia. Kwenye mabonde kuna sfagnamu, mmea laini unaofyonza maji kama sponji, na pembeni yake drosera, mmea mdogo mwekundu. Kwa kuwa ardhi haiupi naitrojeni ya kutosha, drosera hunasa wadudu kwa matone ya gundi na kuwayeyusha. Penye rutuba mmea huo ungesongwa na majani makubwa. Njaa ya ardhi ndiyo inayoulinda.

Ndiyo maana nasita nikisikia watu wakitaka "kurudisha uoto" hapa kwa kupanda mikaratusi. Mikaratusi hunywa maji na kutia kivuli, na nyasi za jua hufa. Mbolea inayotiririka kutoka mashambani nayo huleta magugu yaliyokuwa yakishindwa kuota. Kanuni za Uganda za mwaka 2000 kuhusu ardhioevu na kingo za maziwa zinalinda mita 200 kutoka ukingo wa Ziwa Victoria, na Nabugabo iliingia katika orodha ya Ramsar, ile ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, mwaka 2004. Lakini mifereji na mbolea vya nje ya mpaka huo navyo hufika ndani.

Ukienda, nenda asubuhi, piga magoti kabisa, utaona matone ya mmea wa drosera yanametameta. Usiung'oe kwenda kuupanda nyumbani; kwenye udongo wenye samadi mmea huo utakufa.